Pumzi ya Kulala Chali

Levolosi, Arusha
9 Julai 2025

Kwa mdogo wangu Tabitha,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa, maana najua ungeanza nayo. Habari za Mpanda, na habari za wanao na shemeji yangu? Ile homa ya mtoto wa mwisho imeisha? Na shule, bado unafundisha watoto tisini darasa moja, au wamekuletea mwalimu mwingine? Huku Bwana anatutunza. Baridi ya mwezi huu ni ile unayoijua, manyunyu asubuhi na wingu mpaka saa saba, na Catherine, mke wa Bariki, ananifunika blanketi mbili kama mwali.

Usishangae mwandiko. Naandika nikiwa nimelala chali, daftari nimelishika juu ya uso, na penseli kwa sababu kalamu ya wino inagoma ikielekezwa juu. Mikono ikichoka naishusha na kupumzika. Barua hii nimeianza Jumapili na leo ni Jumatano. Ungeweza kusema, dada, si ungepiga simu. Simu hapa inasikika nyumba nzima, na ninayotaka kukuambia siyawezi kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza ulidhani mtandao umekata.

Nianze na ugonjwa wenyewe, maana umekuwa ukiusikia vipande vipande.

Unakumbuka nilivyoanguka mwaka jana wakati wa masika, kule nyumbani Poli. Nilikuwa nimebeba mzigo wa majani ya ng'ombe, nikateleza kwenye ukingo wa mfereji, nikaangukia makalio. Picha ilionyesha pingili moja ya mgongo imebonyea. Nikalala wiki sita, nikaamka na kibiongo. Hilo sikulijali, nilikuwa na miaka hamsini na saba na sitafuti tena mchumba. Nikarudi kwenye kahawa yangu na ng'ombe wangu.

Kufika Septemba pumzi ikaanza kunikimbia. Nikichuchumaa kukamua naona giza. Nikisimama kanisani kuimba, ubeti wa pili naumaliza kwa midomo tu, sauti haipo. Jirani akaniambia midomo yangu ni kama ya mtu aliyetoka kula zambarau. Januari hii Bariki akaja, akanikuta nimekaa chini katikati ya migomba, siwezi kwenda mbele wala kurudi. Akaniuliza tangu lini. Nikamdanganya kwamba ni siku hiyo tu. Hakuniamini, akauza ng'ombe mmoja, wengine akawapeleka kwa jirani, akafunga mlango wa nyumba yangu na kunileta hapa.

Tabitha, chumba hiki ni kizuri, sitaki kumkosea Catherine. Lakini kina dirisha moja tu, na kutoka kitandani ninachokiona ni ukuta wa matofali wa jirani. Wanasema ukikaa wima unauona mlima Meru pembeni ya paa. Mimi nimeuona mara nne tangu Januari, kila mara kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, kisha kifua kinabana, masikio yanavuma, nalazwa.

Hospitali tumekwenda hata sijui mara ngapi. Walipima makohozi, hakuna kifua kikuu. Walipiga picha mapafu, wakasema ni mapafu ya mtu asiyewahi kuvuta hata moshi wa jikoni, nami nimepuliza moto wa kuni maisha yangu yote. Walipima damu, sina upungufu. Lakini kila walipoweka kile kibanio cha kidoleni kinachosoma hewa ya oksijeni kwenye damu, namba ilikuwa sabini na nane, sabini na tisa, na wao wanataka tisini na tano. Walinifuta vidole, wakanipasha moto mikono, wakabadilisha kibanio. Namba ile ile. Wakanivisha barakoa ya oksijeni wakafungulia mpaka mwisho. Ikapanda kidogo tu, ikakwama. Daktari mmoja akamwambia Bariki kwamba ugonjwa upo ila hauonekani. Mwingine akaniuliza kwa upole kama kuna jambo linanisumbua moyoni tangu mume wangu afariki.

Hapo ndipo watu walipoanza kuchoka nami, na siwalaumu. Akina mama wa kanisa wakija wananikuta nimelala naongea vizuri, nacheka, naulizia habari za kila mtu. Wakisema hebu mwinueni anywe chai, nabadilika, nashindwa hata kumaliza sentensi. Nilimsikia mmoja akisema sebuleni kwamba Mama Bariki anajua wakati wa kuumwa. Catherine hakujibu. Kutokujibu kwake kuliniuma kuliko yale maneno.

Na kila mtu, Tabitha, kila aliyenipenda, aliniinua. Ndivyo tunavyojua sote, mwenye shida ya pumzi hukalishwa apate hewa. Bariki aliniwekea mito minne mgongoni. Nikitelezeka chini ananiinua tena kwa kwapa. "Kaa, mama, kaa upate hewa." Mimi sikuwa na pumzi ya kumweleza kwamba hewa iko kule chini. Ukitaka kueleza lazima upumue, na ukitaka kupumua lazima ulale, na ukilala wanakuinua. Miezi mitano nilikuwa ndani ya duara hilo. Ilifika mahali nikisikia hatua za mwanangu kwenye korido nafumba macho nijifanye nimelala usingizi, ili tu asiniinue.

Mwisho wa Mei walinihamishia kwa daktari mwingine, binti mdogo wa Kimaasai, anaitwa Silantoi. Si mwongeaji. Alikuja kitandani na faili langu nene, akalisoma lote akiwa amesimama. Nikiwa namsubiri nikateleza kutoka kwenye mito kama kawaida yangu. Muuguzi akaja kuniinua. Silantoi akamzuia mkono. Alikuwa anaangalia namba ya kile kibanio cha kidoleni. Ilikuwa imepanda mpaka tisini na nne.

"Mama, hebu kaa," akasema. Wakanikalisha. Themanini na moja. "Hebu lala tena." Tisini na nne. Akanirudisha hivyo mara tatu, mpaka nikamwuliza kama ananifanyia mchezo. Akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza tangu niumwe: "Wewe mwenyewe, ukiachwa, unapenda kukaaje?" Nikamwambia napenda kulala chali kama maiti. Nikalia, mdogo wangu, wala sikujua naliaje. Muuguzi alidhani nimepata maumivu.

Siku mbili baadaye akanipeleka kwenye altrasaundi ya moyo, wao wanaiita eko. Nilikuwa nimeshafanyiwa moja mwezi wa pili, nimelala ubavu wa kushoto, wakasema moyo wangu ni mzuri. Silantoi akasema ule moyo walioupima ni wa mtu aliyelala, na mimi siumwi nikiwa nimelala. Alitaka kuuona nikiwa nimekaa, na alitaka kuuona na mapovu.

Nikueleze, maana nilishuhudia kwa macho yangu, aligeuza kioo nikaona. Alichukua mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa, ndani maji ya chumvi na hewa kiasi cha tone. Akawa anayasukuma, hili linajaza lile, lile linajaza hili, mpaka maji yakatoka povu. Akayaingiza kwenye mshipa wa mkono. Kwenye kioo moyo wangu ulikuwa unafunguka na kufumba, mweusi katikati. Mara upande mmoja ukajaa vitone vyeupe vinavyometameta, upande wa pili ukabaki mweusi. Akasema ndivyo inavyotakiwa, mapovu yanakwenda mapafuni yanaishia huko, hayatakiwi kuvuka. Nikiwa nimelala vilivuka vitone viwili, vitatu.

Kisha wakainua kitanda, wakanikalisha. Kifua kikabana kama kawaida. Silantoi akanishika bega kwa mkono mmoja na kile kifaa cha kupigia picha kwa mkono mwingine, akasema vumilia dakika moja tu, mama. Wakasukuma mapovu tena. Tabitha, safari hii vilivuka kama kumbikumbi wanavyotoka ardhini baada ya mvua. Ule upande mweusi ukawa mweupe wote. Bariki aliyekuwa amesimama mlangoni akasema "Yesu wangu", akatoka nje. Nilimsikia akilia, mtu mzima yule. Sijui kama alilia kwa kuona tundu au kwa kukumbuka mito.

Silantoi alitueleza taratibu. Kila mtoto akiwa tumboni ana mlango mdogo kwenye ukuta wa katikati ya moyo, na akizaliwa unajifunga. Kwa watu wengi tu haushikamani kabisa, unabaki kama pazia, na wanazeeka nao bila kujua. Mimi nimeishi na langu miaka yote hii, nimelima, nimezaa, nimebeba ndizi mpaka Tengeru. Nilipoanguka na mgongo ukajikunja, moyo na mishipa yake mikubwa vikavutwa, vikakaa kivingine. Sasa nikikaa au nikisimama pazia linafunguka, na damu ambayo haijapata hewa inapita hapo moja kwa moja mwilini bila kwenda mapafuni. Nikilala linarudi. Ndiyo maana oksijeni ya barakoa haikunisaidia, ilikuwa inaletwa mahali ambapo damu haipiti.

Akasema kuna mabingwa Dar es Salaam wanaoziba tundu kama hilo bila kupasua kifua, wanapitisha kifuniko kidogo kwenye mshipa wa paja mpaka kwenye moyo. Akaandika barua, akapiga simu, wakanipa tarehe ishirini na nane mwezi huu. Nisafirishwe nimelala, na gari la wagonjwa limeshapatikana. Nyumba yote ilishangilia. Catherine alipika pilau. Wale akina mama walikuja tena, na yule wa sebuleni akanishika miguu akaomba msamaha, nami nikamwambia sikumsikia akisema lolote.

Halafu mimi nikasema siendi.

Bariki amenibembeleza wiki mbili. Anadhani naogopa kifuniko. Mchungaji amekuja, akanisomea, naye anadhani naogopa kufa. Hakuna anayejua, na wewe ndiye wa kwanza kumwambia. Kama umekaa mahali penye watu, simama uende ukasome peke yako.

Ni habari ya Baba.

Unakumbuka miezi yake ya mwisho ulikuwa Mpanda na mimba kubwa, na mimi nikakuambia usije, nitamtunza. Unakumbuka mgongo wake, jinsi alivyokuwa akitembea akitazama vidole vya miguu yake mwenyewe. Pumzi ilimwanza mwaka ule wa 2016 mwezi wa nane. Tuliambiwa akalishwe, asilale, kulala kutamziba. Nikamkalisha kwenye kile kiti chake cha mbao chenye mikono. Alikuwa anateleza. Mzee alikuwa amekonda lakini mifupa yake ilikuwa mizito, na mimi nilikuwa peke yangu, namwinua mara ishirini kwa siku.

Siku moja nilitoka kuchota maji, nikarudi nikamkuta ameteleza mpaka sakafuni, amelala chali kwenye mkeka. Nilipiga kelele. Lakini yeye alikuwa ananitazama, Tabitha, macho yamefunguka vizuri, midomo ina rangi ya mtu. Akaniomba uji. Aliniuliza kama kahawa ya kule juu imeshachumwa. Hakuwa amenena maneno mengi hivyo kwa wiki nzima. Nilimwona akiwa na nafuu pale chini, nikaiona kwa macho yangu haya, na bado nikamwinua. Nilijua kwamba mtu wa pumzi hukalishwa, nikaamini nilichokijua kuliko nilichokiona.

Na ili asianguke tena, nilimfunga. Nilichukua kanga, nikaipitisha chini ya makwapa, nikafunga fundo nyuma ya kiti. Baadaye fundo nikalileta mbele, kwa sababu nyuma lilikuwa linamuumiza. Nilijiambia namfunga kwa usalama wake. Ni kweli, lakini nilimfunga pia kwa sababu nilikuwa nimechoka kumwinua. Yote mawili ni kweli na siwezi kuyatenganisha.

Alikaa hivyo siku mbili. Aliniambia kwa Kimeru, kwa ile sauti aliyokuwa akituombea nayo tukiwa wadogo, Kaanaeli, nilaze. Nikamjibu, Baba, ukilala utakufa. Akasema tena nilaze. Sijui alisema mara ngapi. Siku ya pili mchana akaacha kuniomba, nikafurahi, nikadhani ametulia. Nikaenda kuwanywesha ng'ombe. Niliporudi kichwa kilikuwa kimeinama kifuani, na vidole vya mikono yake yote miwili vilikuwa kwenye fundo.

Nilimfungua. Nikambeba mwenyewe mpaka kitandani, nikamlaza, nikamnyoosha, nikamfuta uso. Kanga nikaichoma jikoni. Ndipo nikaita majirani. Na wewe nikakupigia nikakuambia amelala tu kama mtoto, hakuhangaika. Ulisafiri na mimba yako mpaka Poli, ukasimama kaburini ukasoma wasifu wake, ukasema mbele ya watu wote baba yetu alilala kwa amani kitandani mwake. Nilikuwa nimekushika kiuno usianguke. Kila mwaka unaniandikia ujumbe siku hiyo, unamshukuru Mungu kwa namna alivyoondoka, na unanishukuru mimi. Nimeupokea mara nane.

Zamani lilikuwa jambo la kunisikitisha tu. Niliona nilimtunza vibaya kwa kutojua. Lakini siku ile Silantoi aliponiambia kaa, lala, kaa, lala, nilijua mwili wa Baba ulikuwa unasema nini. Na miezi mitano hii nilipokuwa nainuliwa kwa kwapa nikikosa pumzi ya kusema niacheni, nilikuwa mimi ndani ya kiti kile. Tofauti ni kwamba mimi hawakunifunga.

Nilimwuliza Silantoi, nikijifanya namzungumzia mtu ninayemfahamu, mzee mwenye mgongo kama wangu aliyepata nafuu akilala. Akasema huenda ni hili, huenda si hili. Wengi wenye shida ya pumzi kukaa ndiko kunakowasaidia, na aliyeshauri hivyo hakukosea. Bila kumpima hawezi kusema. Kisha akachukua kalamu yake, akaniuliza yule mzee yuko wapi, nimlete wampime.

Nikasema amehama, yuko mbali.

Kwa hiyo sijui, na sitajua. Hakuna kipimo cha kumpima aliye kaburini. Pengine alikuwa na tundu kama langu, pengine ni ugonjwa wa ini, nao nimeambiwa huweza kufanya hivyo, pengine angekufa wiki ile ile hata angelala kwenye godoro la mfalme. Lakini angekufa amelala kama alivyoomba. Hilo halihitaji kipimo.

Ndiyo maana nilisema siendi. Niliona haifai mimi nifanyiwe yote haya, mapovu na mabingwa na gari, nikasimame tena kwenye shamba lake nikichuma kahawa yake. Nikaona kitanda hiki ndicho changu. Lakini jana Bariki alikaa hapa pembeni akaniuliza kwa nini nataka kumwacha, nami sikuwa na la kumjibu isipokuwa hili, na hili siwezi kumwambia mwanangu. Nikakubali. Nisingependa udhani nimejisamehe. Nilikubali kwa sababu sikuweza kusema sababu ya kukataa. Leo asubuhi nimeona kwamba kama nitatibiwa hali hujui, nitakuwa nimekuibia mara ya pili.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Usinijibu kwa simu pia. Ukitaka kukasirika, kasirika, una haki, Baba alikuwa wako zaidi kuliko wangu na sote tulijua. Na ukiona vema kuwaambia wengine wa ukoo, waambie. Nitamwambia Bariki mwenyewe nikirudi, nikiwa nimesimama.

Ila naomba jambo moja. Najua shule zimefunguliwa, omba ruhusa ya siku chache. Kuna treni ya kutoka Mpanda ya kukufikisha Dar. Bariki atakuwa mbele na dereva, na nyuma kwangu kutoka hospitali ile ya Dar kurudi Arusha kuna nafasi ya mtu mmoja. Kama utaweza kunitazama, njoo. Njoo na hasira yako yote, sitakuambia uiache. Nitakusimulia zile siku mbili saa kwa saa, na yale aliyoyasema pale mkekani alipokuwa na nafuu, maana kuna maneno alikutaja wewe ambayo sijawahi kukupa.

Nisalimie shemeji, umwambie sijasahau ule mchele wa Krismasi. Wabusu watoto. Bariki na Catherine wanakusalimu, hawajui naandika nini, wanadhani ni barua ya kukuaga. Mungu akulinde njiani, ukija, na akulinde hapo ulipo, usipokuja.

Ni mimi dada yako,
Kaanaeli